Anza na imeili, maiki itafuata: podikasti yangu ya Tanga ilivyonitoka mkononi

Mtu akitaka kuanzisha podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, cha kwanza ataulizia maiki. Wakija dukani kwangu Ngamiani kuniuliza, huwaambia wakafungue imeili kwanza. Imeili ya podikasti yenyewe, pasiwedi yake iandikwe kwenye karatasi na karatasi ikae kabatini. Wengine huniona nawazungusha, maana walitaka tu kujua kama ile maiki ya elfu thelathini waliyoiona Kariakoo inafaa. Maiki nitaifikia. Ila hasara kubwa niliyopata katika kazi hii haikutokana na kifaa chochote, na ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Nina duka la steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za paspoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Wazee huja kufuatilia mafao na vyeti, na mzee akisubiri printa huzungumza. Hapo ndipo nilipoanza kusikia habari za manamba, wale watu waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya huku. Nikasikia habari za korona, mashine ya kuchambua singa, na za stesheni yetu enzi za treni ya abiria kwenda Moshi. Kwenye vitabu utasoma kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na kwamba miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Mkata mkonge alikuwa anakula nini saa nne asubuhi, hicho hutakisoma popote. Wazee wanakijua.

Tulianza wawili, mimi na jamaa yangu wa tangu utotoni. Mimi nikawa wa kuhoji na kuhariri, yeye wa "mambo ya mtandao". Akafungua akaunti kwenye kampuni ya kuhifadhi podikasti iliyokuwa ikitoa huduma bure, akatumia imeili yake binafsi, akaisajili podikasti Apple na Spotify kwa imeili hiyohiyo. Kazi ya jioni moja, tukaisherehekea kwa chai na mkate wa kumimina. Sikumwuliza pasiwedi. Ningemwulizaje, ndugu yangu yule?

Kurekodi sasa. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wenye vyumba vya mazulia na madirisha ya vioo viwili. Nyumba zetu zina sakafu ya saruji, madirisha ya nondo na pangaboi linalokwaruza. Ukilizima mwezi wa pili, mzee anavuja jasho na hadithi inakuwa fupi. Nikahamia barazani, nikakutana na kunguru, bodaboda na upepo. Upepo wa kusi ukishika, hasa Raskazone karibu na bahari, maiki isiyovikwa kitu inarekodi ngurumo tupu. Nilishona kofia ya maiki kwa kipande cha blanketi la manyoya na ikafaa, haina tofauti kubwa na ile inayouzwa.

Dawa kubwa niliyoipata ni saa ya kurekodi. Baada ya swala ya alfajiri mpaka kama saa mbili asubuhi, mtaa haujachangamka, upepo wa baharini haujaanza kuvuma, na mzee ana nguvu na kumbukumbu. Saa kumi jioni mzee yuleyule atakujibu kwa neno mojamoja. Adhana ikiingia tunanyamaza mpaka iishe, kisha namwomba arudie sentensi nzima tangu mwanzo. Ukimwacha aendelee alipoishia, wakati wa kuhariri utapata nusu sentensi mbili zisizoungana.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa simu na maiki ya waya ya kubana kwenye nguo, kama Sh 25,000. Tazama pini yake kabla hujalipa. Ya simu ina mistari mitatu. Yenye mistari miwili ni ya kamera na vinasa sauti, na ukiichomeka kwenye simu huenda simu ikaendelea kutumia maiki yake yenyewe huku wewe ukidhani mambo safi. Simu zisizo na tundu la mviringo zinataka ya USB-C. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuikwaruza maiki kwa kucha huku unarekodi, halafu usikilize: kama mkwaruzo hausikiki, maiki yako imelala. Za bila waya ni nzuri, ila betri huisha bila kukuaga, na zile za bei ya chini nyingi zina kichujio cha kelele kinachokula miisho ya maneno. Kwa Kiswahili cha wazee wa Tanga, wanaoongea polepole na kushusha sauti mwishoni, kichujio hicho ni msiba. Kama kina kitufe, kizime.

Mahali pa kubana ni shubiri moja chini ya kidevu, kwenye kitambaa kisichosuguana na kingine. Kwa kanzu hakuna shida. Kwa akina mama wenye kanga na mtandio ndipo nilipopata somo. Kuna bibi mmoja wa Makorora aliyekuwa akiuza maandazi stesheni ujanani mwake. Nilipombania maiki akaitazama.

"Mwanangu, hiki kijidudu ndicho kitakachonisikiliza?"

"Ndicho, bibi. Wewe zungumza na mimi tu, kisahau."

"Haya. Kisining'ate."

Alikuwa msimulizi wa ajabu, na kila alipofika penye utamu alikuwa akipiga mkono kwenye ubao wa kiti. Bangili zake zikigonga ubao, hedifoni zinanipasua masikio. Nikamwomba kwa adabu azivue kidogo. Akasema zile hazivuliwi, alivishwa na marehemu mumewe. Yakaisha. Mjukuu wake akaleta kanga mbili, tukazikunja mara kadhaa, moja tukamwekea mapajani, nyingine tukaifunika juu ya mkono wa kiti. Bangili ziliendelea kulia, safari hii kwa mbali, na watu waliosikiliza kipindi kile wengi walizitaja bangili kabla hawajataja treni. Tangu siku ile sianzi kurekodi kabla sijamwacha mtu aongee dakika tano za ovyo huku nasikiliza kwa hedifoni mikono yake inafanya nini.

Mambo mengine ya kurekodi nitayapita haraka. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, si MP3 iliyobanwa. WAV ya chaneli moja kwa kiwango cha kawaida hula kama MB 5 kwa dakika, kwa hiyo nusu saa ni karibu MB 160. Safisha nafasi kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Weka simu katika hali ya ndegeni. Weka simu ya pili mezani irekodi nayo, itakuokoa siku ambayo ya kwanza itazima. Na kabla hujaagana na mzee, rekodi nusu dakika ya kimya cha mahali pale, mtu asiseme neno. Kimya hicho ndicho programu itakachojifunzia kelele za kuondoa, na ndicho utakachozibia mapengo ukikata maneno.

Nahariri kwa Audacity, programu ya bure iliyopo tangu 2000, na laptopu yangu ya zamani inaibeba. Kupunguza kelele nafanya kidogo sana, maana ukizidisha mzee anasikika kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Kiwango cha ukubwa wa sauti ndicho kilichonichelewesha kuelewa. Kipimo chake kinaitwa LUFS. Apple wanapendekeza LUFS -16, Spotify husawazisha kwenye -14. Mimi naweka -16 na silali macho kwa tofauti iliyobaki. Audacity ina amri ya kusawazisha ukubwa wa sauti. Faili lako likiwa la chaneli moja, weka tiki pale panapotaka lichukuliwe kama chaneli mbili, la sivyo hesabu yake haitalingana na ile utakayosikia kwenye hedifoni.

Halafu uzito wa faili, na hapa ndipo mtu wa Tanga anapaswa kukataa ushauri wa ughaibuni. Wanakuambia utoe MP3 ya kbps 128, yaani kilobiti 128 kwa kila sekunde. Nusu saa kwa kiwango hicho ni karibu MB 29. Kwa chaneli moja na kbps 64, nusu saa ileile ni MB 14 na ushei, na kwa sauti ya mtu anayezungumza sikio la kawaida halioni tofauti. Msikilizaji wangu ananunua bando la siku. Nikimpunguzia nusu ya gharama anarudi kesho.

Na wasikilizaji wenyewe, kumbe, hawakuwa kule tulikokuwa tukiwatafuta. Kwenye majukwaa walikuwepo wachache, wengi wao wana wa Tanga walioko Dar, Mombasa na Oman. Hapa mjini watu walikuwa wanakipata kipindi kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa vijana wa kujaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Kijana mmoja karibu na stendi alikuwa ameviweka vipindi vyetu kwenye folda aliyoiita WAZEE, baina ya mawaidha na taarabu, anavijaza kwa Sh 500. Nilipogundua nilimfuata kwa hasira. Akanijibu kwa utulivu kwamba yeye hauzi vipindi, anauza kazi ya kunakili. Tukaachana vibaya.

Kwa WhatsApp nilijifunza haya: tuma faili kama dokumenti ili jina lake libaki, na ndani ya sauti yenyewe, sekunde za kwanza, utaje jina la podikasti, kichwa cha kipindi na mahali pa kupata vingine. Faili likishasambazwa mkono kwa mkono, maelezo yote uliyoyaandika pembeni hupotea na kinachobaki ni kile kilichotamkwa. Sisi tulikuwa tunaanza na muziki mrefu. Watu walikuwa wakisikia mzee anasimulia, hawajui ni nani na kazi ya nani.

Sasa lile lenyewe. Jamaa yangu alipata kazi Muscat akaondoka. Tukaendelea: mimi namtumia faili lililokamilika, yeye analipandisha. Baadaye akawa na zamu ndefu, vipindi vikawa vinachelewa, lakini vilikuwa vinatoka. Kisha msikilizaji aliyeko Mombasa akaniandikia kwamba vipindi vyote havifunguki, si kipya wala cha zamani. Nikaingia mtandaoni, nikakuta kampuni iliyokuwa ikituhifadhi bure imefunga huduma. Ilikuwa imetoa taarifa mapema, miezi kabla. Taarifa hizo zilikwenda kwenye imeili ya jamaa yangu, imeili aliyokuwa amekwisha kuiacha. Vipindi alikuwa akivipandisha kwa kishikwambi ambacho kiliwahi kuingizwa pasiwedi siku ya kwanza na hakikuulizwa tena.

"Mgosi, jaribu kuifungua hiyo imeili."

"Inataka namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye ile laini yangu ya Tanga."

"Laini iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye simu niliyoibiwa Dar kabla sijasafiri. Sikuirudisha ile namba."

Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Niliipiga ile namba. Ikapokelewa na mama mmoja, kwa sauti alikuwa jikoni, akaniambia hii namba ni yake na niache kumsumbua. Alikuwa na haki.

Nieleze kidogo kilichokuwa kimepotea, kwa sababu wengi wanaopandisha podikasti hawajui wanapandisha kitu gani. Podikasti kiini chake ni faili moja la maandishi lenye anwani yake mtandaoni, linaitwa mlisho wa RSS. Ndani mna jina la podikasti, picha, imeili ya mwenyewe, na orodha ya vipindi pamoja na mahali sauti ya kila kimoja ilipohifadhiwa. Apple Podcasts haitunzi sauti yako. Inausoma mlisho huo na kumwonyesha msikilizaji. Mambo yamekuwa hivyo tangu neno podcasting lilipozuka mwaka 2004 na Apple walipoingiza podikasti kwenye iTunes mwaka 2005, na huo ndio uzuri wake: hakuna anayemiliki mlango. Anayeshika anwani ya mlisho ndiye mwenye podikasti, na ukitaka kuthibitisha kwamba mlisho ni wako, Spotify kwa mfano, namba ya uthibitisho hutumwa kwenye ile imeili iliyoandikwa ndani ya mlisho. Kwetu hiyo ilikuwa imeili ya mtu asiyeweza kuifungua.

Ukiwa ndani ya akaunti yako, kuhama ni kazi ya mchana mmoja. Unafungua kwa mhifadhi mpya, unampa anwani ya mlisho wa zamani, anavuta vipindi vyote. Kisha kule ulikotoka unaweka elekezo la kudumu, wanaliita 301, ili programu za kusikilizia zifuate zenyewe anwani mpya. Apple wanashauri liachwe kwa wiki nne au zaidi. Vitambulisho vya vipindi, zile GUID, visibadilike, maana vikibadilika programu za wasikilizaji zitaona vipindi vyote ni vipya. Mtu aliyekufuata hatajua kama umehama. Sisi tulikuwa nje ya mlango. Waliokuwa wanatufuata walibaki wakifuata anwani iliyokufa.

Na si kampuni ndogo tu zinazofunga. Stitcher, programu ya kusikilizia podikasti, ilifungwa Agosti 2023. Google Podcasts, pamoja na ukubwa wa mwenyewe, ilifungwa 2024 na watu wakaelekezwa YouTube Music. Anchor, ambayo vijana wengi wa hapa walianzia kwa kuwa ni bure, ilinunuliwa na Spotify mwaka 2019, ikageuzwa Spotify for Podcasters 2023, ikaja kuitwa Spotify for Creators. Jina kubwa halikukingi.

Kilichoniuma zaidi ya anwani ni sauti. Zile WAV nilikuwa nazifuta kila laptopu ikijaa, nikijiambia kipindi kipo mtandaoni. Mmoja wa wazee tuliowarekodi, mkata mkonge wa zamani, alikuwa ameshafariki. Mwanawe alikuja dukani siku hizohizo kuomba sauti ya baba yake. Nikamwambia laptopu ina shida, apite siku nyingine. Nikafunga duka mapema. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikimwona mteja yeyote wa makamo yake mlangoni, moyo unanidunda.

Vipindi vichache nilivikuta kwenye WhatsApp yangu, vile nilivyokuwa nimemtumia jamaa. Vingine nikaviomba kwenye magrupu. Watu walivitafuta kwa moyo, lakini simu za watu hujaa na vinavyofutwa kwanza ni vya wengine. Ikabidi nimeze mate nimfuate yule kijana wa stendi. Folda yake ya WAZEE ilikuwa na karibu vyote, hata kimoja ambacho mimi nilikuwa nimesahau kwamba tulikitoa. Akavinakili kwenye flashi yangu. Nikamuuliza ni kiasi gani. Mia tano, akasema, na hakunipunguzia. Sauti ya mkata mkonge ilikuwemo.

Siku hizi nakala ni tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja haikai nyumbani kwangu: diski ya nje iko kwa dada yangu Pangani na huibadilisha nikienda kumsalimia. WAV ya mahojiano haifutwi hata laptopu ilie vipi. Diski ile ilinigharimu Sh 150,000 na nilinung'unika kuilipa.

Niliporudi upya nilianza na imeili ya podikasti, yenye uthibitisho wa hatua mbili usiotegemea laini moja ya simu. Zile namba za akiba za kuifungulia zimechapwa kwenye karatasi, bahasha moja iko kabatini, nyingine Pangani. Nikanunua jina la kikoa, yaani anwani ya mtandaoni ya kwangu mwenyewe, chini ya Sh 50,000 kwa mwaka, na nikatafuta mhifadhi anayeruhusu kutumia kikoa chako, ili nikihama tena anwani inayojulikana na watu ibaki yangu. Kabla ya kumlipa nilimwandikia maswali: nikitaka kuondoka utaniwekea elekezo la 301? Nikiacha kulipa, vipindi vya zamani vinabaki au vinafutwa? Naweza kushusha vyote kwa mkupuo? Aliyechelewa kujibu nilimwacha. Niliyemchagua ananitoza karibu dola 12 kwa mwezi, nalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia pesa za simu. Kila mwezi naguna. Picha ya podikasti nayo iwe ya mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000 kila upande, vinginevyo Apple wanakataa; yetu ya kwanza ilikuwa imekatwa kutoka bango la harusi na hata sielewi ilipitaje.

Kuhusu hela niseme wazi: podikasti haijilipi. Duka moja la dawa hapa mjini hunipa Sh 40,000 kwa kipindi ili nilitaje mwanzoni, na hiyo inafunika mhifadhi, bando na nauli. Walinifuata wao, baada ya kusikia kipindi kwenye bajaji. Hawakuuliza idadi ya wasikilizaji hata mara moja, na ni bahati, kwa sababu takwimu za mhifadhi hazimjui abiria wa bajaji wala mtu wa WhatsApp. Hata hicho kinachohesabiwa kina masharti yake: kwa kanuni za IAB, chombo cha watu wa matangazo ya mtandaoni, upakuaji huhesabiwa pale angalau dakika moja ya sauti inapokuwa imeshuka, na kifaa kimoja kurudiarudia ndani ya saa 24 ni mara moja tu. Mwaka 2023 Apple walipobadilisha namna simu zinavyoshusha vipindi zenyewe katika iOS 17, podikasti nyingi duniani ziliona namba zinaanguka na wasikilizaji ni walewale. Usilale njaa kwa ajili ya grafu. Na kama unategemea matangazo ya majukwaa, soma kwanza orodha ya nchi wanazolipa kabla hujakopa hela ya maiki.

Sheria. Kanuni za maudhui mtandaoni za hapa kwetu zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Kwa hiyo usimsikilize mtu anayekwambia habari za ada alizosikia miaka hiyo. Nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, au waandikie, uwaeleze maudhui yako ni ya aina gani, hasa kama unagusa habari na matukio, na jibu lao ulitunze kwa maandishi.

Muziki ulinitia adabu mapema. Tanga ndiko vilikotoka vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na nani angefanya kipindi cha wazee wa Tanga bila taarabu? Niliweka vipande vya nyimbo za zamani, kipindi kikazuiwa kwenye jukwaa la video. Wimbo kuwa wa zamani si ruhusa: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki hudumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo kwa maswali kama hayo. Mimi nilimtafuta kijana apigaye udi, akanipigia kipande cha nusu dakika, nikamlipa Sh 60,000 na tukasaini karatasi inayosema naweza kukitumia kwenye podikasti bila ukomo. Karatasi ilichapwa dukani kwangu, kwa hiyo gharama ya uchapaji nilijisamehe.

Lililobaki ni ridhaa. Tangu mwanzo nilikuwa naomba ruhusa kwa mdomo, mzee anasema "rekodi tu, mwanangu", basi. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata kabla ya sheria kuna heshima. Sasa kuna fomu, na mzee anarekodiwa akitaja jina lake na kusema anajua sauti itakwenda mtandaoni na kwenye simu za watu, na kwamba akibadili mawazo aniambie. Namweleza pia ukweli kwamba kilichokwisha ingia kwenye flashi za stendi sina uwezo wa kukirudisha.

Yule mtoto wa mkata mkonge nilimpigia simu mwenyewe, nikamwambia ilivyokuwa, laptopu na yote. Alinyamaza, kisha akaja. Alisikiliza kipindi chote akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Mwishoni akaomba sehemu ambayo baba yake anataja ugomvi wa shamba iondolewe kabla sijakirudisha mtandaoni, kwa kuwa kesi imeanza upya na shangazi zake wamo. Nikaikata mbele yake. Kipindi kizima anacho yeye kwenye flashi. Fomu yangu ya ridhaa nimeiongeza mstari mmoja, wa kuandika jina la mtu wa kuulizwa endapo mwenyewe hayupo.